Nchi Ndogo na Mlango wa Jirani

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Nyashimo, Busega)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, wahitimu wenzangu, na ninyi vijana wa kidato cha tatu na cha nne mliojipanga huko nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: Mwadila.

Katibu wetu aliponiandikia barua kunitaka nizungumze leo, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote, mradi lisiwe siasa ya vyama na lisizidi nusu saa. Nimechagua kuzungumza juu ya uhusiano wa nchi ndogo na majirani zake, na nchi yenyewe ni Burundi, ambayo niliitazama kutoka gatini Kigoma kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini. Sikuwa balozi, wala sikupata kufanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Nilikuwa karani wa mizigo. Lakini nchi isiyo na bahari, mambo yake ya nje hupita mezani kwa karani wa mizigo kabla hayajafika kwa balozi, na hilo ndilo nitakalojaribu kulieleza.

Sisi wa hapa hatuhitaji ramani ili kulielewa. Mnajua kwamba mashamba ya kando ya ziwa yana wenyewe, na wafugaji wengi wanakaa upande wa juu wa barabara ya Mwanza na Musoma. Kiangazi malambo yakikauka, ng'ombe hawana budi kushuka ziwani, na njia ya kushukia inapita katikati ya mashamba ya watu. Mwenye shamba akiamua kuweka miiba njiani, basi mwenye ng'ombe 100 anakuwa maskini kuliko mwenye mbuzi 3. Babu yangu alikuwa na ng'ombe huko juu. Kila akivuna mtama alikuwa akinituma nipeleke debe moja kwa mwenye shamba la chini. Nilimwuliza kama ile ni kodi. Akanijibu kwamba si kodi, ni salamu. Ila salamu ile haikukosa kupelekwa hata mwaka mmoja, na mwaka wa njaa ilipelekwa mapema zaidi.

Burundi ndiyo babu yangu. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 27,834, yaani haiuzidi sana mkoa wetu wa Simiyu. Tofauti ni watu: sisi katika sensa ya mwaka 2022 tulipata kama milioni 2 na kidogo, na wao wanazidi milioni 10 katika eneo karibu lile lile, tena la vilima vitupu. Kahawa yao na chai yao hapana budi zifike baharini, na petroli, saruji, chumvi na nguo hapana budi zitoke huko. Njia ni tatu. Ya kwanza ni ya kwetu: reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, kisha tishari ziwani mpaka Bujumbura, au lori mpaka Kabanga, wilayani Ngara. Ya pili ni ya Mombasa, inayopita Kenya, Uganda na Rwanda. Ya tatu ni ya kusini, kwa meli mpaka Mpulungu, Zambia. Upande wa magharibi iko Kongo, ambayo nayo bahari yake iko mbali kabisa. Kila njia ina mlango, na hakuna hata mlango mmoja ambao ufunguo wake uko Bujumbura.

Vijana msidhani mambo haya yalianza juzi. Wakati wa Wajerumani sisi na Warundi tulikuwa koloni moja, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilikusudiwa kuvuta mali ya nchi zote zile za ng'ambo. Vita vikaja, Wabelgiji wakaingia mwaka 1916, na baada ya vita Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda-Urundi. Mbelgiji alipotazama akaona amepewa nyumba isiyo na mlango. Ndipo mwaka 1921 wakafanya mapatano na Mwingereza: Mbelgiji akapata maeneo yake mwenyewe ya kupokelea mizigo katika bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, akakodishiwa milele, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Narudia, faranga 1, na muda wake milele. Maeneo hayo yaliitwa Belbezi, na nilipoanza kazi Kigoma wazee wa bandarini walikuwa bado wanaliita ghala moja kwa jina hilo.

Tulipokaribia uhuru, Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Bungeni tarehe 30 Novemba 1961 akalizungumzia jambo hili. Hoja yake ilikuwa nyepesi, hata mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuishika: Mwingereza mwenyewe hapa alikuwa mlezi wa muda tu, kwa hiyo hakuweza kumpa mtu mwingine ardhi ya Tanganyika kwa muda wa milele. Asiye na kitu milele hawezi kukigawa milele. Wanasheria wa dunia wamelisoma tamko lile kwa miaka mingi, pamoja na msimamo wetu wa kuipitia upya mikataba yote ya kikoloni kwa muda wa miaka 2 kisha kuamua ipi ibaki. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini mimi niliyekaa Kigoma nililazimika kuiona sarafu ile kwa upande wake wa pili. Mlango uliofunguliwa na Mbelgiji kwa hila ulikuwa ndio mlango wa Mrundi pia. Ulipofika uhuru wa Burundi, tarehe 1 Julai 1962, haki ya milele ilikuwa imekataliwa. Kilichobaki kwa jirani yetu ni kupatana nasi, leo, kesho na keshokutwa. Sisemi tulikosea. Nasema tangu siku ile ujirani wa nchi mbili hizi umesimama juu ya hiari, na hiari inataka kutunzwa.

Mwanzo ulikuwa mwema. Mwana wa mfalme wao, Louis Rwagasore, aliyepigania uhuru wa Burundi, alikuwa rafiki wa TANU. Chama chake kilishinda uchaguzi Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule akapigwa risasi akiwa kando ya ziwa, mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama Mwalimu na yeye wangepata miaka kumi tu ya kushauriana. Hatuwezi kujua. Walifuatia wengine, mapinduzi yakaja, na mwaka 1972 yakatokea mauaji ambayo sitayaeleza mbele ya watoto. Warundi wengi walikimbilia kwetu, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Wengi wa wale na watoto wao wamekwisha kuwa raia wa Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa kwa mkupuo mmoja. Nimeyaona makubwa machache sana kuliko hilo, na inanishangaza kwamba hatulitaji.

Nilipofika Kigoma mwaka 1973, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na suruali moja ya kwendea kazini, jambo la kwanza nililolikuta ni bandari iliyonyamaza. Majeshi ya Burundi, yakiwafuata wakimbizi, yalikuwa yamevuka mpaka na kushambulia vijiji vyetu vya mkoa wa Kigoma, na wananchi wetu waliuawa. Wapakuzi wakasema hawatagusa mzigo wa Burundi, Kigoma wala Dar es Salaam. Magunia ya kahawa yalilala chini ya turubai, na mabehewa yakasimama na mizigo yake. Mwezi Julai Rais Micombero alikuja Dar es Salaam, Rais Mobutu wa Zaire akiwa mpatanishi, na Burundi ikakubali kulipa fidia. Kazi ikaanza tena. Jambo lile lilikuwa na mwanzo, lilikuwa na dai linaloeleweka, na dai lilipotimizwa lilikuwa na mwisho. Wakati ule nilidhani kwamba ndivyo mambo ya namna hii yalivyo siku zote.

Sasa nifike mwaka 1996, ambao ndio hasa umenileta hapa.

Burundi ilikuwa imempata Rais aliyechaguliwa, Melchior Ndadaye, katika uchaguzi wa Juni 1993. Mwezi Oktoba mwaka ule ule askari wakamwua. Aliyemfuata, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege pamoja na Rais Habyarimana wa Rwanda, wakirudi kutoka mkutano wa majirani uliofanyika Dar es Salaam. Nchi ikaanza kuungua polepole. Mwalimu, ambaye alikuwa amekwisha kung'atuka, akatwaliwa kuwa mpatanishi. Mwezi Juni 1996 viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakakubaliana juu ya msaada wa ulinzi kwa Burundi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Julai, Meja Pierre Buyoya akatwaa madaraka kwa mara ya pili.

Siku 6 tu zikapita. Tarehe 31 Julai wakubwa wakakutana tena Arusha: Rais Mkapa mwenyeji, Rais Moi, Rais Museveni, Rais Bizimungu wa Rwanda, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, na Waziri Mkuu wa Zaire. Wakaamua kuifungia Burundi milango yote ya biashara mpaka atimize mambo matatu: alirudishe Bunge, aviruhusu vyama vya siasa, na azungumze na wapinzani wake wote bila masharti, wenye bunduki wakiwamo. Zambia ikajiunga. Ndugu zangu, ni vema tuseme wazi kwamba lilikuwa jambo jipya. Waafrika hawakungoja New York wala Brussels waamue. Walisema wenyewe kwamba mtu akipindua serikali iliyochaguliwa hatakaribishwa chai. Nilipousikia uamuzi ule redioni nilisimama ofisini nikapiga makofi peke yangu, na sioni haya kusema hivyo hata leo.

Tena kwetu Usukumani lile si jambo la kigeni. Wahitimu wa umri wangu wanakumbuka sungusungu wa miaka ya 1980 walivyomtenga mtu. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa wenzake. Mwaka mmoja nikiwa likizo hapa nyumbani, jirani yetu alitengwa kwa kuficha ng'ombe wa wizi. Alitajiwa faini yake siku ile ile mbele ya watu, ng'ombe kadhaa, akaambiwa kwamba siku atakayolipa atarudi kukaa na wenzake. Usiku wa pili mkewe alikuja nyuma ya nyumba yetu kuomba kaa la moto, kwa kuwa watoto walikuwa hawajala. Mama yangu alimpa, akaniambia nigeuke niangalie ukutani. Nikageuka.

Mwanzo wa mwezi Agosti 1996, siku chache baada ya amri, yaliingia Kigoma kwa reli maboksi 240 ya daftari za shule. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na kampuni ya uwakala niliyoifanyia kazi ndiyo iliyopokea mizigo yake miaka yote. Alikuwa amevuka kuja kuufuata mzigo wake, mlango ukafungwa yeye akiwa upande huu. Akakaa kwa jamaa zake Ujiji, na kila asubuhi akawa anakuja ofisini, amevaa kanzu na koti, anakaa katika benchi.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, daftari limepindua serikali gani?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi si mwenye amri. Imeandikwa bidhaa zote."

"Zote ni pamoja na za watoto?"

"Zote, baba."

Hakunipa rushwa, na mtu asifikiri hivyo. Alikaa tu. Wiki ya tatu ikatokea nafasi. Kulikuwa na tishari la kupeleka mizigo michache iliyokuwa imepata kibali, ya dawa na misaada. Ofisa mmoja, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba endapo katika hati nitaandika "vifaa vya misaada" badala ya "daftari", yeye hatafungua boksi hata moja. Wengine walikuwa wamefanya hivyo. Nilifikiri usiku mzima. Asubuhi nikaandika "daftari", nikapiga mhuri wa kuzuia, nikajiona mtu safi kabisa. Mzee aliisoma hati ile, akaniuliza kama hati yangu ya mkono ilikuwa nzuri namna ile tangu shuleni. Nikamjibu ndiyo, tulifundishwa. Akaondoka.

Haukupita mwezi nikaanza kusikia habari za mapipa. Petroli ilikuwa inavuka usiku kwa mitumbwi yenye mashine, na kwa njia za vichochoro katika mipaka mingine yote, tena kwa wingi. Bei ya petroli Bujumbura ilipanda hata mtu wa kawaida asiweze kupanda basi, lakini magari ya wakubwa na ya jeshi hayakusimama. Waliokuwa na fedha na marafiki walitajirika kwa vikwazo kuliko walivyotajirika kwa amani. Mkulima wa kahawa huko milimani alikosa mnunuzi, akakosa na mbolea ya msimu uliofuata. Kwa kifupi, waliokusudiwa kubanwa walikuwa na njia ya nyuma, na wasio na njia ya nyuma ndio waliobanwa. Na karani mmoja mwaminifu pale Kigoma alikuwa amefaulu kuzuia daftari.

Nimeyataja haya kwa kuwa wako wenzetu wawili hapa, wote nawaheshimu, wanaobishana kila tukikutana. Mmoja anasema vikwazo vile vilikuwa ukatili mtupu. Mwingine anasema bila vikwazo Buyoya asingekwenda Arusha. Mimi nadhani wa pili ana haki zaidi, ila hajamaliza hesabu. Tarehe 12 Septemba 1996, wiki 6 tu baada ya kufungiwa, Buyoya alilirudisha Bunge na akaviruhusu vyama. Katika mambo matatu aliyotajiwa, mawili aliyatimiza, angalau katika karatasi. Mlango haukufunguliwa hata kidogo. Wakubwa walisema la tatu ndilo kubwa, yaani mazungumzo, na ni kweli kwamba lilikuwa kubwa. Lakini mfikirie yule jirani yetu aliyetengwa: angepeleka ng'ombe wawili kati ya watatu, na asipate hata salamu ya kuitikiwa, je, angemleta wa tatu kwa moyo gani? Wa Bujumbura walikasirika, wakasema Mwalimu anapendelea upande mmoja. Machi 1997 serikali ikapatana kwa siri huko Roma na kundi moja la wapiganaji, na mazungumzo yaliyopangwa Arusha mwezi Agosti mwaka ule hayakufanyika kwa sababu serikali ya Burundi haikuja. Nchi ndogo ikibanwa pande zote hutafuta tundu la mbali. Hapo ndipo tulipopoteza muda, na huko milimani muda ulikuwa unahesabiwa kwa makaburi.

Tarehe 16 Aprili 1997 wakubwa walilegeza. Chakula, dawa, vifaa vya ujenzi, pembejeo za kilimo na vifaa vya shule vikaruhusiwa kupita. Yaani ilichukua miezi 8 na nusu kukubaliana kwamba mbegu na daftari si silaha. Hili ndilo kosa ninaloliona mimi, na nalisema bila kumlaumu mtu kwa jina: orodha ile ilipasa kuandikwa tarehe 31 Julai 1996, meza ile ile, kalamu ile ile. Kufunga mlango si vibaya ikiwa lazima, lakini anayefunga mlango wa jirani asiye na mlango mwingine ana wajibu wa kusema siku ile ile nini kitapita dirishani.

Mazungumzo yenyewe yalianza Arusha Juni 1998, vyama vingi vikiwa mezani, na Mwalimu akiwa mwenyekiti wao. Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa. Mwalimu hakuuona mwisho. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na siku ile Kigoma niliwaona Warundi wakilia pamoja na sisi, hata wale waliokuwa wakimlaumu. Mzee Mandela akaichukua kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ukatiwa saini, Rais Clinton wa Marekani akishuhudia. Vita havikwisha siku ile, vilichukua miaka mingine, lakini Burundi ilipata mlango wa kutokea. Tarehe 1 Julai 2007, ikitimiza miaka 45 ya uhuru, iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Rwanda.

Mtaniuliza kama sasa wameachana na shida ya majirani. Hapana. Mwezi Mei 2015 Rais Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam katika mkutano wa Jumuiya askari walipojaribu kumpindua akiwa huku kwetu, na wakimbizi wakajaa tena Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Mkapa, yule yule aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa 1996, alitumwa kuwapatanisha akiwa mstaafu. Januari 2024 Burundi iliufunga tena mpaka wake na Rwanda, safari hii yenyewe ikiwa ndiyo mfungaji. Mjue basi kwamba hata asiye na mlango anao ufunguo wa kumfungia mwingine. Na Januari 2025 nchi yetu na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati. Nikiwa hai nitaipanda. Reli ile itaubadilisha ujirani huu kuliko hotuba zote, kwa kuwa ikishajengwa sisi nasi tutaihitaji Burundi ili ilipe gharama yake. Katika mambo ya nchi na nchi hakuna usalama kama ule wa kuhitajiana pande zote mbili. Babu yangu aliyejua hilo alimwoza shangazi yangu kwa mwenye shamba la chini, na tangu hapo debe la mtama likakoma kwenda.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa, nami nimebakiwa na neno la maboksi tu, kwa kuwa vijana wa nyuma wameacha kunong'ona na huenda wanataka kujua yaliishia wapi.

Kibali cha vifaa vya shule kilipotoka, karatasi zilichukua wiki nyingine nane kuzunguka. Masika yalikuwa yamepita katikati, na paa la ghala lilikuwa linavuja upande wa ziwa. Tulipoyahesabu mwezi Juni, maboksi 83 yalikuwa yameoza. Mzee alikuja kutoka Ujiji, na ile kanzu na koti. Tulifungua moja moja mimi na yeye, hakutaka wapakuzi wafanye. Zilizo nzima akazipakia. Zilizooza nusu akazikata kwa panga sehemu iliyooza, akasema huko Buyenzi wauza karanga watazinunua za kufungia. Mkewe alikuwa amefariki mwezi Februari, upande wa pili wa ziwa, na yeye hakuweza kwenda kumzika. Habari hiyo alinipa tukiwa katika boksi la sitini au la sabini, bila kuinua macho.

Alipokwisha kupakia aliniachia daftari moja nzima, la kurasa 96. Nilimwambia sistahili. Akasema si zawadi, ni sampuli, ili siku nyingine nikiandika "daftari" katika hati nijue linavyofanana. Niliandikia hesabu za nyumbani mpaka likaisha, na jalada lake ninalo hapa, mnaweza kulipitisha, ila lirudi.

Kama yuko mwenye swali na aulize. Basi langu la Mwanza linapita saa kumi.